Ndugu wa Morogoro, usiuze hiyo darubini kisa mtoto

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu yule ndugu yetu wa Morogoro aliyeandika kwamba ameamua kuuza darubini yake kwa sababu mtoto wa pili amezaliwa, kazini wamemhamishia kitengo chenye presha na mama watoto amechoka kulala peke yake. Akamalizia kwamba mambo ya nyota ni ya mabachela na wastaafu. Barua yake nimeisoma nikiwa kwenye daladala nikaona huyu jamaa inabidi ajibiwe kabla hajapata mteja, maana darubini ukishaiuza kwa bei ya kutupa kuipata nyingine hapa nchini sio leo wala kesho.

Mimi niko Dodoma, mtumishi wa umma, nilihama na ofisi kutoka Dar. Nina mke na watoto watatu, mama yangu mzazi anaishi na sisi, niko kwenye kikoba, niko kwenye kamati ya msikiti, na kila mwezi haukosi kikao cha harusi ya mtu. Darubini yangu ni ya mtumba, ya kioo cha inchi 6, na bado naitumia. Kwahiyo siongei kama mtu mwenye nafasi.

Nilipofika pale aliposema alikuwa anatoka nje saa sita usiku na kurudi ndani saa kumi alfajiri "kama wataalamu wanavyoshauri" ndo nikaelewa shida iko wapi. Ndugu yangu, hao wataalamu wanaishi wapi? Vitabu vingi na vidio za YouTube tunazojifunzia zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani. Mtu wa London mwezi wa sita jua linamzamia saa tatu na dakika kama ishirini usiku, na hata likizama giza kamili halifiki, mbingu inabaki na weupeweupe mpaka asubuhi, sasa huyo asipochelewa kulala ataona nini? Kwake kukesha ni shida aliyopewa na jiografia, sio sifa. Sisi tuko jirani na ikweta. Hapa Dodoma ukichukua siku jua linapowahi zaidi kuzama na siku linapochelewa zaidi, mwaka mzima, tofauti yake haifiki saa moja, na likizama halina longolongo, linashuka moja kwa moja, ndani ya saa moja na robo hivi giza limeshakamilika. Saa mbili na robo usiku, iwe Januari iwe Julai, mtu wa huku kwetu yuko kazini tayari.

Na wala huhitaji apu ya kukuambia giza limeingia, adhana ya isha inatosha. Kalenda nyingi za sala zinahesabu isha pale jua linapofika nyuzi 17 au 18 chini ya upeo wa macho, na watu wa falaki, yaani elimu ya nyota, dunia nzima wanahesabu giza kamili kuanzia nyuzi hizohizo 18. Kwahiyo muadhini wetu akiita ananiita kwa mambo mawili. Nasali, narudi, naangalia mbingu hadi saa tatu au tatu na nusu, naingia ndani. Saa moja na nusu asubuhi niko ofisini na macho yangu mazima.

Halafu kuna swali aliniuliza mke wangu ambalo naona limemaliza ugomvi wa nyumba nyingi za watu kama sisi. Ilikuwa mwezi wa nane, nimetega alamu ya saa tisa usiku nimwangalie Jabari, ile kundinyota yenye nyota tatu za mstari mmoja, akaniuliza bila hata kunyanyua kichwa kwenye mto: "Baba watoto, kwani hizo nyota mwezi ujao hazitakuwepo?" Nyie, jibu lipo na liko upande wake. Kila nyota inachomoza mapema kwa dakika 4 kuliko ilivyochomoza jana yake. Dakika 4 kwa siku ni saa 2 kwa mwezi. Kitu unachokifuata saa kumi alfajiri katikati ya mwezi wa nane, katikati ya Disemba kiko palepale saa mbili usiku, watoto hawajalala, chai iko mezani. Kwa hiyo karibu kila unachokifuata usiku wa manane kinakuja chenyewe mlangoni kwako ukikipa miezi miwili mitatu.

Hapo kuna kona moja lazima niiseme, sitaki mtu aje kunilaumu. Jabari na Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana, vinapopanda jioni ndo mvua za Dodoma nazo zinaanza, Disemba mpaka Aprili, kwahiyo unavizia mawingu yakipasuka unachungulia, ama unasubiri mwishoni mwa Aprili mvua zikikatika unamkuta Jabari bado yuko magharibi saa mbili usiku. Nyie wa Morogoro na milima yenu ya Uluguru mawingu mnayajua wenyewe. Ila kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi huku ni raha tupu. Mwezi wa sita saa mbili usiku geukia kusini, Msalaba wa Kusini umesimama karibu wima kabisa, na juu yake kushoto kuna kitu kwa macho matupu kinaonekana kama nyota yenye ukungu. Hiyo ni Omega Centauri, nyota kama milioni 10 zimejikusanya pamoja. Kwa inchi 6 zinaanza kuachana moja moja kama chenga za mchele kwenye ungo. Mtu wa London akiwa kwake hajawahi kuiona na hataiona, kule haichomozi kabisa. Mwezi wa nane ndo kundinyota la Nge liko juu kabisa na ule mkanda mweupe wa nyota zetu umepita katikati ya anga, tena saa hiyohiyo ya taarifa ya habari. Mbingu ya namna hii wenzetu wanaipandia ndege kwenda Namibia na Chile, wewe unayo uani halafu unataka kuuza darubini.

Sasa ratiba. Usijipangie "kila siku", utaachika. Ratiba yako ni mwezi wenyewe. Mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwahiyo siku kama tatu baada ya mwezi mpevu jioni inaanza kuwa ya giza, na inabaki hivyo mpaka hilali ionekane na siku chache mbele yake. Hizo ndo jioni zako za vitu hafifu, na kati ya hizo toa siku za mawingu, toa siku za wageni, toa siku ulizochoka, zikibaki mbili tatu kwa mwezi shukuru, zinatosha sana. Mwezi ukifika nusu ni zamu ya watoto, maana pale mwanga unapokutana na kivuli ndo milima na mashimo yanaonekana vizuri. Mwezi mpevu ni hasara tupu kwetu sisi, anga yote imefuliwa na mwanga. Basi hizo siku za mbalamwezi ndo nimezigawa kwa jamii, kikoba, vikao vya harusi, kutembelea wagonjwa. Kwenye kamati ya harusi mimi ndo huwa napendekeza tarehe za vikao na wajumbe wananisifia kwamba napenda watu warudi nyumbani njiani kukiwa na mwanga, mi nakaa kimya.

Kuhusu watoto naona ndugu yetu amelichukulia jambo kinyume. Kichanga kweli hakiwezi kuangalia darubini, lakini kichanga hakibaki kichanga. Binti yangu wa darasa la tano sheria yake ni ya mama yake, homiweki kwanza, ikiisha ana dakika tano. Ukimwonyesha vitu kumi anachoka, kwahiyo nilimpa kimoja tu, sayari ya Mshtarii (Jupita) na miezi yake minne, nikamwambia chukua daftari chora duara na vitone vilivyo pembeni yake, kesho chora tena. Jioni moja akashtuka, "Baba, kimoja kimeenda wapi?" Nikamwacha ahangaike. Yule mwezi wa karibu zaidi kati ya wale minne, Io, anazunguka kwa siku moja na saa 18 na kitu hivi, kwahiyo leo yuko kulia kesho yuko kushoto, kuna muda anapita nyuma na kuna muda anapita mbele ya Mshtarii, humuoni. Alivyokuja na jibu lake mwenyewe kwamba "kitakuwa kimejificha nyuma" nikamwambia kwamba Januari 1610 kule Italia mtu mzima anaitwa Galileo alikuwa anachora vitone hivyohivyo kwenye karatasi, na ndivyo alivyojua kwamba sio kila kitu kinaizunguka dunia. Dakika tano kwa jioni, jamani. Muda wa matangazo ya tamthilia ni mrefu kuliko huo.

Tamthilia yenyewe nayo ni baraka, mke wangu na mama wana yao ya Kituruki saa tatu usiku, hapo hata nikikaa sebuleni sina haki ya kuongea.

Vitu vidogo vinavyookoa muda. Darubini yangu haikai stoo, inakaa nyuma ya mlango wa uani imefunikwa kanga chakavu, maana kitu cha kutoa stoo, kufunga, kufungua, kutafuta bisibisi, hicho hutakitoa siku umechoka. Maji ya ugali yakibandikwa mi naitoa nje, kioo kinahitaji kama nusu saa kipoe kilingane na hewa ya nje, ukikitumia moto picha inachezacheza kama iko ndani ya maji. Tukimaliza kula iko tayari. Tochi nimeipaka rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu (aliinunua mwenyewe nyingine, hatujagombana), kwa sababu macho yanachukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mwanga mweupe wa simu unakurudisha mwanzo kabisa. Na kama darubini kubwa ni mzigo, chukua baina ya 10x50, ile ya macho mawili, inaingia kwenye begi la safari. Mimi nikienda kijijini Kondoa msibani nakuwa nayo. Tanga letu wanaume tunalala nje, na ikishafika saa nne maongezi yamekauka, mjomba wangu mmoja ananiamkia yeye kwa utani, "shikamoo mtu wa nyota, leo Kilimia kimesemaje?" Wazee wale walikuwa wanakitazama kujua lini washike jembe, wananifundisha zaidi ya ninavyowafundisha.

Majirani nao, tusidanganyane, ni sehemu ya ratiba. Kuna jirani anataka nimsomee nyota yake aone kama biashara itakaa sawa, nimemweleza mpaka nimechoka. Vijana wa ulinzi shirikishi walishawahi kunimulika wakidhani bomba la darubini ni silaha, nikawakaribisha wote wakachungulia Zohali na pete zake, tangu siku hiyo wakipita wanauliza leo kuna nini.

Lakini nisieleweke kwamba kila kitu kinasubiri. Nyota zinarudi, sawa, ila kuna vitu havirudi, na hivyo ndo vya kuviwekea akiba ya ruhusa za kazini na za nyumbani. Usitumie ruhusa yako kwa mke kwenye vitu vinavyorudi, utaikosa siku unayoihitaji kweli. Jua lilipopatwa kipete, likabaki kama pete ya mwanga, Septemba 1, 2016 na watu kufurika Rujewa kule Mbarali, ilikuwa Alhamisi, siku ya kazi. Hapo unaomba siku ya likizo na unaenda. Oktoba 2024 ile nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS, kwanza ilionekana alfajiri, halafu katikati ya mwezi ikahamia upande wa magharibi baada ya jua kuzama, wajukuu zetu hawataiona. Na hata hivi vya kuwahi, angalia bahati yetu. Septemba 7, 2025 mwezi ulipatwa wote, siku ya Jumapili, ukaingia kivulini kabisa kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa nne kasoro. Sisi mtaani tulisali swala ya kupatwa mwezi, tukatoka, uwanja wa msikiti umejaa watoto wenye kanzu shingo zao zimeinama nyuma, mwezi mwekundu kama kutu, darubini haikutoka hata ndani. Nani aliacha familia hapo?

Mwingine niuseme mapema mjipange. Desemba 31, 2028, mkesha wa mwaka mpya, mwezi utachomoza ukiwa umeshaliwa kipande, saa moja na robo usiku utakuwa mwekundu wote na utabaki hivyo mpaka karibu saa mbili na nusu. Wanaokwenda kanisani kwenye mkesha watakuwa bado hawajaondoka nyumbani. Kwa upande mwingine, Agosti 2, 2027 jua litapatwa lote kule Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6, kuna jamaa zetu wanadunduliza wakapande ndege. Mimi siendi. Mkubwa wangu atakuwa sekondari na ada ni ada. Inauma lakini hapo sina mjadala na nafsi yangu.

Ramadhani nayo usiisahau kama wewe ni Muislamu. Daku mnaamka wote saa kumi, hiyo alfajiri umepewa bure, toka uani na kikombe chako. Na jioni ya kuutafuta mwezi mwandamo ndo siku pekee ambayo familia nzima inatoka nje yenyewe kuangalia magharibi bila mimi kubembeleza mtu. (Mambo ya mwezi wa kitaifa na wa kimataifa siyagusi hapa, mhariri ukurasa hautatosha.)

Ukiniambia mtu wa namna hii, mwenye saa moja ya jioni, hawezi kufanya cha maana, nakupa watu wawili. Robert Evans wa Australia alikuwa mchungaji, ana usharika, ana mazishi na ibada kama wachungaji wetu, na kwa kuangalia kwa macho yake kwenye darubini, mara nyingi akiwa nyumbani, alivumbua nyota zilizolipuka zaidi ya 40. Alikariri sura za galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, kila moja anaitupia jicho kwa sekunde chache aone kama kuna nyota mpya, anahamia nyingine. Na Jack Bennett wa Pretoria, mtumishi wa serikali kama mimi, tarehe 28 Desemba 1969 alivumbua nyotamkia ambayo 1970 ilikuja kung'aa mpaka watu wakaiona bila kifaa. Mama yangu anasimulia kwamba alipokuwa msichana waliamshwa alfajiri waione nyota yenye mkia, na mwaka anaoutaja unaangukia hapohapo. Hana habari na Pretoria wala na Bennett, anachokumbuka ni baridi na kwamba marehemu bibi aliwakataza kuinyooshea kidole.

Kwahiyo ndugu yangu wa Morogoro, darubini haili, haidai ada, haiugui. Ifunike kanga uiweke nyuma ya mlango mpaka huyo mdogo aanze kulala usiku mzima. Wala usimwambie mama watoto kwamba umejinyima kitu kwa ajili yake, hataki deni hilo. Na kama una njaa kweli ya hela na lazima iuzwe, basi iuze kwa shule, kuna walimu wa fizikia wataipokea kwa mikono miwili.

Mhariri, na wewe nina ombi. Ratiba ya ligi mnatuwekea kila wiki, bei za mazao mnaweka, hata utabiri wa nyota za mapenzi mnaupa nusu ukurasa. Tunaomba kiboksi kidogo tu kona ya chini, mwezi mpevu lini, mwezi mwandamo lini, sayari gani inaonekana jioni na upande upi. Hesabu zake hazibadiliki wala haziingiliwi na mtu, na kama hamna wa kuziandaa mimi nitawatumia bure kila Alhamisi, labda iwe siku ya kikao cha harusi.

Ni mimi msomaji wenu,
Baba wa watatu, Dodoma